Kijiko Kimoja, Asubuhi na Jioni

Bibi Maria alikunywa dawa yake sawasawa kama ilivyoandikwa. Alivaa miwani, akaishika chupa mbali kidogo na uso, akafuata herufi moja moja kwa kidole kama alivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima miaka hiyo: DAWA. KIJIKO 1. ASUBUHI NA JIONI. Kikohozi kilikuwa kimemsumbua wiki nzima, na mafua yalikuwa yamemziba pua hata harufu ya uji haisikii. Akamimina kijiko, akameza, akakunja uso, akaifunga chupa na kuirudisha juu ya kabati alikoikuta. Kisha akatoka nje kuanika maharage.

Saa nne kasoro Judith, mke wa mwanawe, alimkuta amekaa kizingitini jasho linamtiririka, ingawa ukungu wa mlimani ulikuwa bado haujaondoka na watu wote wamejitanda khanga mbili mbili. Mate yalikuwa yanamtoka bila mpango, naye anayafuta kwa aibu.

"Mama, unaumwa nini?"

"Ni hii dawa, mwanangu. Kali kweli kweli. Lakini naona itafanya kazi."

"Dawa gani?"

"Si ile uliyoniwekea juu ya kabati? Nikasema, leo mkwe wangu kanikumbuka."

Judith aliingia ndani mbio. Juu ya kabati hakukuwa na dawa ya kikohozi. Kulikuwa na dawa ya nyanya.

Na hapo ndipo penyewe. Kwetu sisi kila kitu ni dawa. Ya kikohozi ni dawa, ya mswaki ni dawa, ya viatu ni dawa, ya panya ni dawa, na ile inayoua wadudu wa nyanya nayo ni dawa. Judith alikuwa na kibanda cha kuuzia mbegu na dawa za mboga kwenye njia panda ya kitongoji chao, juu kabisa ya Bigwa, na wakulima walimpenda kwa sababu alipima. Wengi hawakuweza kununua lita nzima, basi yeye alinunua dumu mjini, akawagawia kwenye vichupa vya kahawia vya dawa ya kikohozi alivyookota hapa na pale, maana ukubwa wake ulifaa na vifuniko vyake havivuji. Kwenye kila kichupa aliandika kwa kalamu ya wino mzito, kwa mwandiko mzuri ambao watu waliusifu. Kijiko kimoja kwa bomba moja la kupulizia, asubuhi na jioni jua likiwa halijawa kali. La bomba hakuliandika, maana nani asiyejua? Cha mumewe Andrea alikuwa amekileta nyumbani jana yake, akakiweka juu ya kabati watoto wasikifikie.

Cecilia, dada yake Andrea, alitoka jikoni na kikombe cha maziwa. "Maziwa yanakata sumu," alisema, na kabla Judith hajajua aseme nini, nusu kikombe kilikuwa kimeshamshuka bibi. Bibi Maria akatapika palepale juu ya maharage yake. Judith alimsukutua mdomo, akamnawisha mikono na kifua kwa sabuni, akambadilisha nguo. Andrea aliitwa shambani, akaja mbio na tope lake hadi magotini. Pikipiki ya Sufiani, bodaboda wa kitongoji, ikaitwa. Wakampakia bibi katikati, mwanawe nyuma akimshikilia, wakateremka taratibu kwenye njia ile ya mawe huku Sufiani anaomba Mungu kwa sauti.

Judith alikifunga kile kichupa kwenye mfuko wa plastiki na kingine juu yake, akapanda pikipiki ya pili pamoja na wifi yake. Wakawafuata hadi mjini.

*

Daktari wa zamu hospitalini aliitwa Oscar, kijana bado, ndevu zake za kuhesabika. Alikuwa ameshamlaza bibi, ameshamtundikia maji na kumchoma sindano, ndipo akatoka kwenye korido walipokuwa wameketi.

"Amekunywa nini?"

Judith akampa kichupa. Daktari alikisoma, akakigeuza, akakigeuza tena kana kwamba upande wa pili kungekuwa na maelezo zaidi.

"Hapa pameandikwa dawa."

"Ndiyo, dakta."

"Dawa ya nini?"

"Ya nyanya. Ya wadudu."

"Inaitwaje?"

Judith alikitazama kichupa. Mwaka wa nne huo alikuwa anaiuza. Aliijua rangi yake, aliijua harufu yake hata usingizini, alijua inavyogeuka maziwa ikikutana na maji. Jina hakulijua. Dumu alilonunulia lilikuwa jeupe, halina karatasi yoyote, limeandikwa tu kwa kalamu WADUDU.

"Na hapa nani ameandika?" daktari aliuliza.

"Mimi."

"Umesikia, kaka?" Cecilia alisimama, sauti yake ikajaa korido yote. "Kaandika mwenyewe. Kamuandikia mama yetu sumu, kijiko kimoja asubuhi, kijiko kimoja jioni. Angeinywa na ya jioni asingekuwepo wa kuletwa hapa."

Benchi zima liligeuka. Mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu na Judith alimvuta mwanawe upande wa pili, kwa adabu, kama mtu anayesogea kupisha. Judith alimtazama mumewe. Andrea alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake vilivyojaa tope. Maneno ya wifi yake angeweza kuyameza, alishameza mengi. Kimya cha Andrea kilimuuma zaidi.

"Mama, nisikilize," daktari alimwambia Judith. Hakuwa na muda wa ugomvi wa watu. "Namtibu kwa dalili ninazoziona. Lakini mgonjwa amekula vumbi la maharage, ana kikohozi cha wiki nzima, ametapishwa na maziwa, dalili zimechanganyika. Una hakika hii ni ya wadudu?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Watu walikuwa wanasikiliza, na ndiyo ingemfanya aonekane anajua anachokiuza. Lakini Judith akakumbuka kwamba wiki iliyopita jirani mmoja alimletea matawi ya nyanya yaliyoungua kama yamepitiwa na moto, akamwambia dawa yako inaua nyanya na kuwaacha wadudu. Walicheka wote wawili siku ile, yeye akasema labda umezidisha.

"Sina hakika," alisema, na akamweleza habari ya zile nyanya.

Daktari akashusha pumzi. "Unaona sasa. Kama ni ya wadudu, kifua kitajaa majimaji na nitataka kumpa oksijeni mapema. Ikiwa ni ya kuua magugu, kuna moja ambayo ukimpa mtu oksijeni unamharibia mapafu kwa mkono wako. Nataka jina lililo kwenye karatasi ya kiwandani. Hili lako halinisaidii. Sasa hivi anapumua vizuri. Baada ya saa moja sijui." Akamwandikia namba yake ya simu pembeni ya karatasi ya vipimo.

"Nitalileta," alisema Judith.

"Atakimbia huyo," alisema Cecilia.

Judith alikuwa ameshafika getini.

*

Duka la pembejeo la mama Shirin lilikuwa nyuma kidogo ya soko, safi, rafu zimepangwa chupa zilizofungwa na lakiri, kila moja na karatasi yake na picha ya fuvu na mifupa miwili. Mteja wa mlango wa mbele hakuona kitu kingine. Judith hakuwa mteja wa mlango wa mbele. Miaka yote minne alikuwa anazunguka nyuma, anagonga mara tatu, na Pazi wa stoo anamjazia dumu kutoka kwenye pipa.

Leo aliingia mbele. Walikuwepo wateja watano. Alisubiri wawili wahudumiwe, kwa mazoea tu ya kungoja, halafu akajishangaa, akawapita wengine wote mpaka kaunta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama Shirin alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, amejifunga mtandio wa kijivu, mwepesi wa mikono. "Foleni iko nyuma yako."

"Naomba jina la dawa niliyochukua hapa wiki mbili zilizopita. Dumu la lita tano, la wadudu."

"Risiti?"

"Sikupewa."

"Basi hukununua hapa, mama. Sisi hatupimi. Tunauza vilivyofungwa, tazama mwenyewe."

"Pazi ndiye aliyenipimia. Kwa mlango wa nyuma."

Pazi alikuwa palepale karibu na mzani, na ghafla akaona mzani ule unahitaji kufutwa vumbi. Mama Shirin akamgeukia. "Pazi?"

"Simfahamu huyu mama," alisema Pazi, akiuambia mzani.

Mikungu ya ndizi aliyokuwa ameletewa na Judith toka mlimani, kila msimu, kwa miaka minne, ilikuwa haipungui kumi. Mzee mmoja mwenye buti za mpira akacheka kidogo. "Wakishaharibu shamba la mtu ndio wanatafuta wa kumsingizia. Subiri utasikia fidia."

Uso wa Judith uliwaka moto. Kama ingekuwa ni kwa ajili ya kitu kingine chochote, angeondoka. Akapiga moyo konde.

"Sikuja kudai," alisema, na akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Mama mkwe wangu ameinywa. Yuko hospitali. Mimi ndiye niliyeipima, mimi ndiye niliyeitia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, na mimi ndiye niliyeandika dawa, kijiko kimoja. Akaisoma, akainywa. Kosa langu nimeshalibeba, silileti kwako. Daktari anataka jina. Nimefuata jina tu."

Hakuna aliyecheka tena. Lakini mama Shirin alikuwa mtu wa biashara, na mtu wa biashara akisikia hospitali anasikia polisi, akisikia polisi anasikia leseni. "Pole sana," alisema taratibu. "Lakini mimi siwezi kusema kitu kimetoka kwangu wakati sijui. Kesho kutwa nitaitwa mahakamani."

"Nipe karatasi."

"Ya nini?"

"Nipe karatasi na kalamu, mama."

Akapewa. Judith akaandika pale pale kaunta, kwa mwandiko wake ule mzuri: Mimi Judith, mke wa Andrea, wa juu ya Bigwa, sijanunua dawa yoyote katika duka hili, wala mtu wa duka hili hajanipimia kitu. Akaweka tarehe, akaweka sahihi, akaisukuma.

"Shika. Akija polisi, akija nani, mwonyeshe hiyo. Mimi ndio niwe mwongo. Sasa nipe jina."

Mama Shirin aliisoma mara mbili. Mkono wake ulitulia juu ya kaunta, halafu ukaanza kutafuta ufunguo mfukoni, ukaukosa, ukautafuta tena. Aliona haya, na hakuna aliyekuwepo dukani ambaye hakuyaona.

"Pazi," alisema. "Pipa lipi?"

"La kona," alisema Pazi.

Stoo haikuwa na dirisha. Harufu ilimpiga Judith machoni kabla taa haijawashwa. Magunia ya chakula cha kuku yalikuwa yamelazwa juu ya katoni za sumu, mbolea imemwagika na kuloana na kitu ambacho hakikuwa maji, na juu ya pipa la kona kilikuwepo kikombe cha plastiki cha kupimia na, kando yake, maandazi mawili ya Pazi kwenye gazeti. Mama Shirin alisimama mlangoni kama mgeni. Miezi mingi alikuwa hajaingia humo, alitosheka na rafu za mbele.

Karatasi ya pipa ilikuwa imelowa na kuchafuka. Judith aliinama, akanyoosha pembe ya khanga aifute.

"Usishike hivyo," alisema mama Shirin. Akarudi dukani mbio, akaja na glovu, akazivaa mwenyewe, akaipangusa ile karatasi mpaka herufi zikaanza kuonekana. Judith akapiga simu.

"Nisomee," alisema daktari.

"P," alisoma Judith. "R. O. F. E. N. O." Hapo palikuwa na doa. Mama Shirin akapangusa. "F tena. O. S."

"Profenofosi. Ni ya wadudu kweli. Basi zile nyanya ziliungua na nini?"

Judith akamtazama Pazi. Pazi sasa alikuwa amekaa juu ya gunia, kichwa mikononi. "Dumu nililompa lilikuwa la dawa ya magugu," alisema. "Nilimwaga ya magugu nikalisuuza, ndio nikamjazia hii. Nililisuuza mara moja tu."

"Ya magugu ipi? Inuka uilete," alisema mama Shirin, na sauti yake haikuwa ya kawaida. Chupa ikaletwa, hii ilikuwa na karatasi nzima, na Judith akaisoma nayo herufi kwa herufi kwenye simu.

Karatasi zikasikika zikipekuliwa upande wa pili. Halafu daktari akasema, "Sawa. Siyo ile niliyokuwa naiogopa. Naanza oksijeni sasa hivi," na simu ikakatika.

Judith akaondoka bila kuaga. Mama Shirin alimfuata hadi nje, akamshika mkono, akamwekea kiganjani ile karatasi yake imekunjwa mara nne.

"Ulinunua hapa," alisema. "Chana hiyo."

*

Bibi Maria alikaa siku mbili akiwa nusu yuko nusu hayuko. Judith hakuondoka hospitalini. Alimfulia, alimgeuza, alimpangusa mate, na Cecilia alipokuja na uji alisogea pembeni akampisha, akarudi wifi yake alipoondoka. Siku ya pili Andrea alikaa karibu naye kwenye benchi.

"Siku ile ningesema kitu," alisema.

"Ungesema."

"Niliogopa mama anakufa."

"Hata mimi," alisema Judith. Hakumwambia amemsamehe, kwa sababu alikuwa bado. Lakini alimgawia kipande cha muhogo aliokuwa anakula.

Siku ya tatu asubuhi bibi aliamka na akili zake zote. Kitu cha kwanza alichoomba ni miwani. Alimtazama mkwewe, akamtazama binti yake aliyekuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, na ilionekana kuna jambo linamkera kuliko maumivu.

"Wananiambia nimekunywa sumu," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Manesi wananisema, huyu bibi hajui kusoma. Judith, sema kweli. Nilisoma vibaya?"

"Hapana, mama."

"Paliandikwa dawa."

"Paliandikwa dawa. Ulisoma vizuri. Mimi ndiye niliyeandika vibaya."

Bibi Maria akafumba macho, ametulia. "Basi waambie hao manesi," alisema.

Cecilia alikuwa na maneno tayari mdomoni, yalionekana yanavyomsukuma. Aliyaacha. Baadaye, walipokuwa wanafua kwenye karo la hospitali, alimuuliza wifi yake bila kumtazama: "Kama mama alisoma vizuri, na wengine huko mlimani wanasomaje?"

Judith aliacha kufua. Swali lile alikuwa nalo tangu juzi, ila hakuwa na nguvu za kuliuliza. "Chukua kalamu," alisema. "Mimi nataja, wewe andika."

Hakuwa na daftari la wateja. Alikuwa na kichwa chake. Alianzia nyumba za bondeni akapanda nazo, mtu kwa mtu, nani alichukua kimoja, nani viwili, nani alimtuma mtoto. Cecilia aliandika majina yote kwenye mgongo wa kalenda ya mwaka jana. Vikawa vichupa ishirini na saba.

*

Jumapili kanisani katekista wa kigango alimpa Judith nafasi kwenye matangazo, baada ya tangazo la ndoa na kabla ya la usafi wa makaburi. Alisimama mbele ya watu waliomjua tangu alipoolewa pale. Alikuwa ametunga hotuba njiani, na yote ikamtoka kichwani.

"Vichupa vya kahawia nilivyowauzia," alisema, "nilivyoviandika dawa. Mle ndani mna sumu. Mama mkwe wangu alisoma mwandiko wangu akanywa, mnajua. Naomba vyote virudi. Hata kilichokwisha. Msimwage, msioshe, msichome moto. Nileteeni kibandani, nami nitawarudishia gharama zenu."

"Na sisi tupulizie nini?" aliuliza mtu wa nyuma. "Nyanya zangu zina viwavi leo, hazina viwavi mwezi ujao."

"Kuanzia sasa nauza kilichofungwa, chenye karatasi ya kiwandani. Kidogo kidogo sipimi tena. Mnaweza kuchanga watano chupa moja, na bwana shamba atakuja kuwaonyesha."

"Wewe umeshashiba, ndio maana," mwanamke mmoja alisema kwa sauti ndogo iliyosikika na wote. Judith aliisikia, akaenda kuketi.

Vilirudi. Kuna walioleta huku wanacheka na kuna walioleta wamenuna, na yule jirani wa nyanya zilizoungua aliviweka mezani akadai nyanya zake, akaahidiwa miche. Judith alivaa glovu alizopewa na mama Shirin. Alivisimamisha vichupa kwenye ndoo yenye mchanga, ndoo yenye kifuniko, akaifungia kwenye kibanda peke yake, mbegu akazihamishia nyumbani. Juu ya kifuniko, mbavuni na kwenye mlango wa kibanda akaandika SUMU. Andrea alisimama nyuma yake akitazama.

"Watu watapita mbali na kibanda," alisema.

"Wapite."

Siku ya kuviteremsha kwa bwana shamba, ambaye alisema atavipeleka vinakoharibiwa kwa utaratibu, Sufiani alikuja na gunia la unga limeshafungwa kwenye pikipiki. Akapapasa nafasi juu yake. "Weka hapa, shemeji, itakaa."

"Juu ya unga?"

"Si ina kifuniko?"

"Unga kwanza. Uupeleke, urudi."

"Safari mbili kwa ndoo ya mchanga?"

"Safari mbili."

Sufiani alilalamika mpaka akachoka, akaupeleka unga, akarudi. Wakati anafunga ndoo kwa kamba, Judith alihesabu kwa mara ya mwisho na Cecilia akaweka alama kwenye kalenda. Vilikuwa ishirini na sita.

"Anayebaki ni nani?" aliuliza Judith.

Cecilia alishusha kidole kwenye orodha. "Mwamvita. Wa kule ukingoni."

Mwamvita hakuwa mtu wa kigango, wala hakuwa mtu wa kushuka shuka. Tangazo halikumfikia. Cecilia akasema watamtuma mtu kesho, leo jua limeshapanda. Judith alikuwa ameshachukua fimbo.

*

Ilimchukua saa moja na nusu. Nyumba ya Mwamvita ilikuwa imening'inia mwisho wa njia, shamba la kabichi likianzia mlangoni na kuishia kwenye mteremko ambao mbuzi angefikiri mara mbili. Mwamvita mwenyewe, binti wa miaka ishirini na mbili au tatu, alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, amelaza mtoto mchanga juu ya mapaja yake.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mama Deo," alisema, akimwita Judith kwa jina la mwanawe. "Shikamoo. Leo umetukumbuka."

"Marahaba. Mwamvita, mumeo alichukua kwangu kichupa. Cha kahawia."

"Ile dawa ya kabichi? Ilishakwisha. Kabichi zimependeza, hebu ona."

Judith akaketi. Miguu ilikuwa inamtetemeka kwa mpando ule, na furaha ikamjia kidogo kidogo. "Vizuri. Nataka hicho kichupa kitupu."

"Kichupa mbona nakitumia?" Mwamvita akacheka, akanyoosha mkono pembeni ya mkeka. "Nilikiosha na maji ya moto na majivu, kikatakata kabisa. Nimemwekea mtoto mafuta yake ya nazi. Kifuniko chake kizuri, hakivuji."

Mafuta yalikuwa yamefika nusu. Miguu ya mtoto ilikuwa inang'aa.

"Unampaka tangu lini?"

"Siku ya tano leo. Asubuhi na jioni, nikishamwogesha."

Judith alisogea kwenye mkeka. Mtoto alikuwa macho. Kifua cha nguo yake kilikuwa kimelowa, na mate yalikuwa yanaendelea kumtoka pembeni ya mdomo, mengi, yanashuka mpaka shingoni.

"Anatokwa na udenda hivi siku zote?"

"Ameanza juzi. Mama yangu anasema anaota meno."

"Ana miezi mingapi?"

"Miwili na nusu," alisema Mwamvita, na kicheko kikampungua usoni. "Anawahi, ee?"

Judith alisimama. Alikunja mikono ya blauzi yake. "Lete maji," alisema. "Na sabuni, yoyote uliyo nayo. Mengi."

Walimwogesha pamoja, mara tatu, vidole vyote, kila mkunjo wa shingo, nyuma ya masikio, wakibadilisha maji kila mara. Mtoto alilia kwa nguvu, na Judith akafurahi kumsikia analia kwa nguvu. Nguo aliyokuwa nayo waliiacha. Judith akamfunga ndani ya khanga yake mwenyewe ya juu, akampa mama yake ambebe kifuani ili wauone uso wake njia nzima. Kichupa akakifungia kwenye mfuko, akakining'iniza kwenye ncha ya fimbo, mbali nao wote watatu.

Walipoanza kuteremka alimpigia simu Sufiani awasubiri Bigwa. Kisha akampigia daktari. Mwamvita alisikia yote, na hakuna aliloelewa ila lile jina la hospitali. Alisimama katikati ya njia.

"Mama Deo. Mtoto wangu ana nini?"

"Tembea," alisema Judith. "Tembea nitakwambia. Kwenye kile kichupa kulikuwa na sumu, Mwamvita. Niliiuza mimi."

Mwamvita alimtazama. Kwa muda alionekana kama atamrukia, au ataketi chini hapo hapo. Judith hakukwepesha macho. Alimpa mkono kwenye mteremko ule mbaya, akauacha umenyooshwa, mpaka Mwamvita alipoushika.